Kishale cha tarakilishi kikiasi, usikimbilie fundi

DALILI ya mvua ni mawingu, na dalili ya tarakilishi inayotaka kuwatia watu wa nyumba kiwewe ni kishale kinachokwenda kisikotumwa. Mpenzi msomaji, bila shaka unakijua kishale hicho: ile alama ndogo inayotembea kwenye skrini kila unaposukuma kipanya. Siku zote hutii. Kisha jioni moja, mwanafunzi akiwa amebakisha kurasa mbili tu kukamilisha kazi inayotakiwa chuoni asubuhi, kishale kinaanza vituko. Kinatetemeka kama mtu mwenye homa. Kinaruka kutoka mwisho wa sentensi hadi katikati ya aya ya juu, na maneno yanayochapwa yanaingia pasipo pake. Au kinateleza chenyewe polepole hadi kwenye kona ya skrini na kung'ang'ania huko.

Hapo ndipo lawama huanza. Baba husema ni watoto na michezo yao. Watoto husema mashine imezeeka. Mama, ambaye hesabu zote za duka lake zimo humo, hutaka ipelekwe mjini kesho yake. Kabla ya chakula kuandaliwa, mtu amekwisha kutamka neno "virusi", na pesa za fundi zimeanza kutafutwa.

Wiki hii tunawaomba msubiri kidogo. Aghalabu kishale kinachorukaruka hakimaanishi kwamba mashine imekufa. Huwa ni uchafu, meza, betri, kiganja cha mkono au chaja mbovu, mambo ambayo mtu yeyote anaweza kuyagundua bila kufungua skrubu hata moja. Hata hivyo, mara chache kishale kinachojiendea ni king'ora cha hatari, na anayekipuuza huenda akapoteza mengi zaidi ya kurasa mbili za kazi ya chuo. Ujuzi wote ni kuzitofautisha hali hizi mbili, na njia yenyewe ni moja: badilisha kitu kimoja, kisha utazame. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja na kishale kikatulia, hutajua ni kipi kilichokiponya, na wiki ijayo utarudi pale pale.

Okoa kazi kwanza

Kabla ya kutafuta ugonjwa, okoa kilicho kwenye skrini. Huhitaji kipanya kwa hilo. Kwa tarakilishi nyingi za nyumbani, ambazo hutumia Windows, shikilia kitufe cha Ctrl kisha ubonyeze herufi S, na kazi yako itahifadhiwa. Kitufe cha Tab hukuhamisha kutoka sehemu moja ya dirisha hadi nyingine, na Enter hukubali. Kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi I hufungua ukurasa wa Settings.

Iwapo kibodi yako ina tarakimu upande wa kulia, kuna msaada mwingine ambao wengi hawaujui. Shikilia Alt na Shift za upande wa kushoto, kisha ubonyeze Num Lock. Tarakilishi itakuuliza kama unataka kukiendesha kishale kwa kibodi. Ukikubali, 4 na 6 zitakipeleka kushoto na kulia, 8 na 2 zitakipandisha na kukishusha, na 5 itabonyeza. Ni mwendo wa kobe, lakini kobe hufika.

Kipanya nacho kina jicho

Kipanya cha kwanza kilikuwa kijisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili, kilichoundwa mwaka wa 1964 na Bill English kutokana na wazo la Douglas Engelbart, wote wakiwa watafiti wa taasisi ya Stanford Research Institute huko California, Marekani. Engelbart alikionyesha hadharani mjini San Francisco tarehe 9 Desemba, 1968. Baadaye vikaja vipanya vyenye kimpira tumboni, na wasomaji waliosomea tarakilishi katika miaka ya tisini watakumbuka jinsi kimpira kile kilivyokusanya vumbi na manyoya hadi kikakwama, na jinsi wanafunzi watundu walivyokiiba.

Kipanya cha siku hizi hakina kimpira. Kina taa ndogo na kijikamera kinachopiga picha za meza mara nyingi sana kwa kila sekunde. Hulinganisha picha moja na inayoifuata, na kutokana na tofauti zake hujua umekisukuma upande gani na kwa kasi gani. Kwa hivyo kipanya lazima kione kitu cha kulinganisha. Ukikiweka juu ya kioo kisafi, hakioni chochote. Ukikiweka juu ya meza iliyopigwa vanishi ikang'aa, mwanga hurudi vibaya na macho yake yakachanganyikiwa.

Sasa hebu itazame sebule ya kawaida ya mjini. Meza ni ya kioo, na juu yake kimetandikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, chenye matundu na mashada. Ni pambo zuri kwa wageni, lakini kwa kipanya ni njia ya mashimo tupu. Kishale kikipita pale lazima kirukeruke.

Jaribio lake halina gharama. Chukua kurasa hizi unazosoma, zikunje, uzitandaze chini ya kipanya. Karatasi iliyochapishwa maandishi ni uwanja mzuri, kwani ina alama nyingi za kutazamwa. Jalada la daftari pia litafaa. Kishale kikitulia, umemaliza kazi, na gharama yako ni bei ya gazeti ambalo ulikuwa umelinunua hata hivyo.

Kisipotulia, zima kipanya au ukichomoe, kisha ukipindue na uchungulie tundu la taa. Unywele mmoja tu uliokwama pale unatosha kukitetemesha kishale kutwa nzima. Upulize, au uutoe kwa pamba iliyozungushwa kwenye kijiti. Safisha pia vile vijiguu vya chini, maana uchafu ulioganda hukiinua kipanya na kukiweka mbali na meza. Aidha, ikiwa jua la dirishani humulika moja kwa moja mahali pa kipanya, hama au ufunge pazia.

Kisicho na waya ni redio ndogo

Kipanya kisicho na waya huzungumza na tarakilishi kwa mawimbi ya redio, na lugha hiyo hupotea njiani kwa sababu mbili kuu.

Ya kwanza ni betri. Betri inapokaribia kwisha, kishale hakifi ghafla. Huanza kukwama, kikaruka, kikalala, kikaamka. Weka betri mpya kabla ya kuwaza jambo jingine lolote.

Ya pili ni kelele za mawimbi. Vipanya vingi vya aina hii hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo pia hutumiwa na Wi-Fi, Bluetooth na hata oveni ya maikrowevu. Isitoshe, matundu ya USB yenye kasi zaidi, yale ambayo mara nyingi huwa na ulimi wa buluu ndani, hutoa kelele kwenye masafa hayo hayo yanapofanya kazi. Ukichomeka diski ya nje hapo, na kile kipokezi kidogo cha kipanya kikiwa tundu la jirani, ni kama kumnong'onezea mtu aliyesimama kando ya matatu inayopiga muziki. Kihamishe kipokezi upande wa pili, au ukitoe mbali kidogo kwa waya mfupi wa USB.

Kuna jambo jingine ambalo limewahi kuwatia watu hofu ya mashetani. Kipokezi cha kipanya cha zamani husahauliwa kwenye tarakilishi, ilhali kipanya chenyewe kimo ndani ya mkoba wa shule, au kimeokotwa na mtoto mdogo anayekisukuma chumbani kama gari. Kila anapokisukuma, kishale sebuleni kinacheza. Kwa hivyo hesabu vilivyochomekwa kwenye tarakilishi. Kisichojulikana kazi yake kichomolewe.

Kiganja na maji ya sahani

Tukija kwa kipakatalishi, mshukiwa wa kwanza ni tachipadi, ule uso bapa wa kugusia ulio chini ya kibodi. Kama kishale huruka wakati unapochapa tu, usihangaike na jambo jingine. Ni kiganja chako, au kidole gumba, kinachogusa tachipadi bila wewe kujua, na tarakilishi inadhani umeamuru.

Ingia Settings, ufungue Bluetooth & devices, kisha Touchpad. Kwa Windows 10 utaanzia kwenye Devices. Punguza wepesi wake wa kuhisi. Ukiwa unatumia kipanya, ondoa alama kwenye maneno yanayosema kwamba tachipadi ibaki ikifanya kazi wakati kipanya kimechomekwa. Vipakatalishi vingi pia vina kitufe cha kuizima tachipadi kabisa.

Tachipadi huhisi kidole kwa jinsi kinavyobadilisha umeme mdogo ulio kwenye uso wake, sio kwa uzito wa mkono. Ndiyo maana maji, jasho na mafuta ya chapati huichanganya. Aliyetoka kuosha vyombo aikaushe mikono kwanza. Futa tachipadi kwa kitambaa kikavu kisicho na manyoya, mashine ikiwa imezimwa.

Kwa wenye vipakatalishi vya ThinkPad vilivyo na kile kijiti chekundu katikati ya kibodi, fahamuni kwamba kijiti hicho wakati mwingine hukiacha kishale kiteleze chenyewe. Usishindane nacho. Ondoa kidole, usubiri sekunde chache, nacho kitajirekebisha. Kwa wenye skrini ya kugusa, tazameni kama ina ufa au tone la maji, kwani skrini ya namna hiyo hujigusa yenyewe.

Chomoa chaja utazame

Jaribio hili huchukua nusu dakika, na wengi hawalifanyi kamwe. Kishale kikiwa katika vituko vyake, chomoa chaja na utumie betri peke yake. Je, kimetulia? Ukirudisha chaja, je, vituko vimerudi? Basi mwenye hatia ni chaja au umeme wa ukutani, na tachipadi haina kosa lolote.

Plagi zetu nchini zina meno matatu. Lile refu la juu huungana na waya wa kupeleka umeme wa ziada ardhini, ule ambao mafundi wa stima huuita athi. Pale ambapo athi haikuungwa, au ambapo watu hutumia ekstensheni ya bei ya chini iliyo na nyaya mbili tu ndani, umeme mdogo wa ziada hukosa njia na kuzunguka kwenye mashine. Tachipadi inayotegemea kuhisi mabadiliko madogo ya umeme yanayoletwa na kidole haiwezi tena kutofautisha kipi ni kidole na kipi ni stima. Chaja bandia zisizo na vichujio vizuri huleta balaa hilo hilo.

Jaribu soketi nyingine, kisha chaja nyingine ya aina na kipimo kile kile. Na iwapo unahisi kama kutekenywa unapopapasa kipakatalishi cha chuma kinapochajiwa, mwite fundi wa stima aikague athi ya nyumba. Hilo halihusu kishale tu, linahusu maisha ya watu.

Tachipadi ikiinuka, acha kila kitu

Betri ya kipakatalishi aghalabu hukaa chini ya mahali pa kuwekea viganja. Inapozeeka au kuharibika, inaweza kujaa gesi na kuvimba, ikaisukuma tachipadi kutoka chini. Dalili ni hizi: tachipadi imeinuka upande mmoja au imekuwa ngumu kubonyeza, kishale kinajibonyeza chenyewe, kifuniko hakifungi sawasawa, au mashine haitulii tena kwenye meza tambarare.

Ukiona hayo, zima mashine na uchomoe chaja mara moja. Usiikandamize tachipadi ili irudi chini. Usiitoboe betri. Usiiache mashine juu ya godoro wala kochi, na usimruhusu mtoto kuimalizia kazi ya shule "dakika tano tu". Betri za lithiamu zilizovimba zinaweza kushika moto, na moto wake ni mgumu kuuzima. Hapa kweli mpelekee fundi anayejua kuibadilisha, na betri kuukuu isitupwe kwenye pipa la taka.

Kama mashine imeelemewa

Huenda umefanya yote hayo na kishale bado kinakwenda kwa kukwamakwama. Shikilia Ctrl na Shift, kisha ubonyeze Esc. Dirisha litakaloonekana litakuonyesha ni programu gani zinazoitumikisha mashine. Ukiona moja imemeza karibu nguvu zote, ifunge utazame. Mashine iliyoelemewa hukichelewesha kishale, kisha hukirusha ghafla ili kifike mkono ulipo.

Ikiwa vituko vilianza baada ya masasisho ya programu, zima tarakilishi na uiwashe upya kwanza. Visipokoma, shikilia kitufe cha Windows na ubonyeze X, uchague Device Manager, ufungue sehemu ya Mice and other pointing devices, ukiondoe kipanya kwa Uninstall device, kisha uiwashe mashine upya. Itakitambua na kukisajili tena yenyewe.

Kisha ukichomeke kipanya chako kwenye tarakilishi ya jirani. Kikiwa kigonjwa huko pia, kosa ni la kipanya. Kikiwa kizima huko, kosa limebaki kwako. Hilo peke yake linaweza kukuepusha na kununua kipanya ambacho hukukihitaji.

Mgeni asiyebisha hodi

Sasa tufike kwenye king'ora tulichokitaja. Kishale kigonjwa hakina nia. Hutetemeka, huruka, huteleza kwenye kona, lakini hakitafuti kitu. Kishale kinachoongozwa na mtu kina nia. Huenda moja kwa moja kwenye kitufe, hufungua barua pepe, huifungua tovuti ya benki, huandika maneno. Ukiona hivyo na hakuna aliyegusa kitu, usikae kumtazama.

Zipo programu halali, kama vile TeamViewer na AnyDesk, zinazomwezesha mtu aliye mbali kukiendesha kishale chako. Mafundi wa kweli huzitumia kila siku, na tarakilishi ya kazini huenda ikawa inashughulikiwa na watu wa ofisi yako. Lakini matapeli nao huzipenda. Humpigia mtu simu wakijifanya wahudumu wa benki au wa kampuni ya tarakilishi, wakamwambia mashine yake ina virusi, kisha wakamtaka aipakue programu hiyo na kuwasomea nambari inayoonekana kwenye skrini. Akiisoma, amewafungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Wazazi, waambieni watoto na hata nyanya na babu: anayekupigia bila kuitwa hasomewi nambari yoyote.

Likikufika, kata intaneti mara moja. Zima Wi-Fi au uchomoe waya wake, na ikibidi uizime mashine yenyewe. Chukua kifaa kingine, ubadilishe maneno ya siri ya barua pepe na ya benki. Pigia benki na huduma ya pesa za simu kwa nambari unazozijua wewe, sio zile ulizopewa na mgeni. Baadaye ondoa programu za aina hiyo ambazo hukuziweka, na uikague mashine nzima kwa programu ya kukinga virusi. Sheria ya mwaka wa 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni inahesabu kuingia tarakilishi ya mtu bila idhini kuwa kosa la jinai, kwa hivyo una haki ya kupiga ripoti polisi. Na kwa ambao bado wanatumia Windows 10, kumbukeni kwamba huduma zake za kawaida zilikoma tarehe 14 Oktoba, 2025. Mashine isiyopata masasisho ya usalama ni nyumba yenye komeo bovu.

Ukienda kwa fundi, enda na ushahidi

Kama yote yamegonga mwamba, sasa fundi ana haki ya kukuona. Lakini usiende Luthuli Avenue ukamwambia tu kwamba "imeharibika". Mwambie ulichokijaribu na ulichokiona: kwamba kishale hutulia ukichomoa chaja, au kwamba huruka hata kipanya kikiwa kimechomolewa. Fundi mwema atakushukuru kwa kumpunguzia kazi. Fundi mlaghai atatambua kwamba hawezi kukuuzia ubao mpya wa mashine kwa sababu ya unywele mmoja. Nakili kazi zako zote mahali pengine kabla ya kuiacha mashine, na usimpe mtu maneno yako ya siri ya benki wala ya barua pepe.

Basi, msomaji, jioni kishale kitakapoasi tena, mwanafunzi asipige meza na baba asitafute wa kulaumiwa. Hifadhini kazi, mvue kipanya kitambaa cha kufumwa, mchomoe chaja, mkibadilisha kitu kimoja kimoja mkitazama. Haraka haraka haina baraka, na kwa tarakilishi haraka ina gharama pia.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.